Tulifuata maji: siku 10 mimi na mke wangu, kutoka Samburu hadi Turkana

Tuna miaka 11 katika ndoa na hatukuwa tumewahi kusafiri sisi wawili peke yetu. Safari zetu zote zilikuwa za mazishi, za harusi, au za kupeleka watoto kwa bibi yao. Mwaka jana mwezi wa Februari watoto walibaki na mama mkwe, nikachukua likizo ya siku 10, tukaondoka Nairobi alfajiri kuelekea kaskazini.

Kabla ya kuondoka tulikuwa tumevutana karibu wiki mbili. Mke wangu alitaka wanyama. Tangu utotoni ameota kumwona punda milia wa Grevy, yule mkubwa mwenye masikio ya mviringo na mistari myembamba, na tumbo jeupe lisilo na mstari hata mmoja. Mimi nilitaka jangwa. Nilikuwa nimeliangalia Chalbi kwenye ramani mara nyingi mno, lile doa jeupe kati ya Marsabit na Ziwa Turkana, na nilitaka kusimama katikati yake. Bahati nzuri ni kwamba Kenya imeviweka vyote viwili upande mmoja: ukishapita Isiolo, barabara ya Moyale inakupitisha kwenye lango la mbuga ya Samburu na kukufikisha Marsabit kwa lami tupu.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mbaya. Niliugawa kwa kilomita: leo hapa, kesho kule, mbuga nne na jangwa na ziwa, kila siku gari likiwa barabarani. Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mrendile, dereva wa lori wa zamani, tuliyeelekezwa kwake na jamaa yetu ili atuongoze. Nilimsomea mpango huo kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana wangu, kilomita weka kando. Niambie kila usiku mtalala kwenye maji gani."

Usiku huo mimi na mke wangu tulikaa mezani tukaandika upya. Usiku tatu kando ya mto Ewaso Nyiro, Samburu. Usiku mbili Marsabit, mlima wenye msitu na maziwa ya kreta, yaani yaliyomo kwenye mashimo ya volkano ya kale. Mmoja Kalacha, kwenye chemchemi ukingoni mwa Chalbi. Miwili Loiyangalani, Turkana. Wa mwisho Laisamis, tukirudi. Mbuga mbili zilikatwa. Ugomvi wetu nao uliishia hapo, kwa sababu maji yale yale ndiyo yaliyomleta mnyama wake na ndiyo yaliyoniwezesha mimi kulivuka jangwa langu.

Mbuga ya Samburu iko ng'ambo ya kaskazini ya mto, na mbuga ya Buffalo Springs iko kusini. Kambi yetu ilikuwa chini ya mikoma, ile minazi ya jangwani yenye shina linalogawanyika kama panda ya manati. Mto wenyewe, ambao kwa Kisamburu jina lake lina maana ya maji ya rangi ya udongo, ulikuwa umekauka sehemu kubwa. Ulibaki mchanga mpana na vidimbwi vilivyoachana. Kwa kweli nilivunjika moyo. Nilidhani tumekuja wakati mbaya.

Asubuhi ya pili, mzee alisimamisha gari kwenye ukingo na kuzima injini. Kundi la ndovu lilikuwa limeshuka kwenye mchanga. Jike mkubwa alianza kuupiga mchanga kwa kidole cha mguu wa mbele, taratibu, akiurusha nyuma, mpaka shimo likafika kina cha goti lake. Akaingiza mkonga, akangoja. Maji ya kwanza aliyotoa yalikuwa tope, akayamwaga pembeni. Akangoja tena. Mara ya tatu ndipo akapeleka mdomoni. Wengine walisimama nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, na mtoto aliyejaribu kupenya alisukumwa kwa paja, bila hasira. Waliponyanyuka kwenda zao, nyani walishuka kwenye mashimo yale yale, kisha wakaja punda milia.

Walikuwa wa Grevy. Majike watatu na mtoto mmoja mwenye manyoya ya kahawia mgongoni. Mke wangu alinishika kifundo cha mkono na hakukiachia. Mzee akaeleza kwa sauti ya chini kwamba jike anayenyonyesha ni lazima anywe karibu kila siku, ndiyo maana hawi mbali na maji, na kwamba dume huchagua eneo lake kwa kuangalia majike watapita wapi kwenda kunywa. Wamebaki takribani 3,000 tu porini, wengi wao hapa Kenya na wachache Ethiopia. Unapowaona wanne wameinamia shimo lililochimbwa na ndovu, hesabu hiyo inakugusa tofauti na unapoisoma.

Tangu hapo tulianza kumwangalia kila mnyama kwa swali hilo moja: huyu anapata wapi maji? Swala twiga alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, wima kabisa, shingo ndani ya mgunga, akichuma majani mabichi ambayo mwenzake hayafikii. Anaweza kuishi bila kwenda mtoni kabisa, maji yake yamo kwenye majani. Choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu zilizonyooka, huacha joto la mwili lipande, hata hadi nyuzi 45, kuliko kupoteza maji kwa jasho, kisha usiku hupoa. Na firigogo! Hawa ndege wa rangi ya mchanga walifika kwenye kidimbwi mapema asubuhi, na dume mmoja akaingia majini mpaka kifuani, akakaa, akijitikisa. Nilidhani anaoga. Kumbe manyoya ya tumbo lake yanafyonza maji kama sifongo, naye huruka nayo mpaka kwa vifaranga, wayanyonye kwenye manyoya hayo. Mke wangu alisema, "Baba watoto, huyu ndiye baba." Nililifikiria neno hilo siku nzima.

Kilichonishinda kuzoea ni saa. Mzee alitutoa saa kumi na mbili asubuhi na kuturudisha saa nne, na hakukubali tutoke tena hadi saa kumi jioni. Nilihisi tunapoteza siku. Siku ya tatu nikang'ang'ania tuzunguke adhuhuri. Tulizunguka saa mbili nzima, tukaona digidigi wawili chini ya kichaka na ardhi inayotetemeka kwa joto. Sikung'ang'ania tena. Saa zile za kivulini ndizo tulizozungumza, mimi na mke wangu, mambo ambayo hayajapata nafasi tangu mtoto wa pili azaliwe. Alasiri ya mwisho tulivuka kwenda Buffalo Springs, tukaogelea kwenye dimbwi la chemchemi lililozungushiwa ukuta, maji safi hata unaona vidole vya miguu.

Njia ya Marsabit niipitie upesi. Mlima Ololokwe unakusindikiza mkono wa kushoto, bapa juu kama meza, kisha ni nchi kavu na ngamia, na baada ya Logologo unaanza kupanda hadi kwenye ukungu. Tulivaa sweta. Hifadhi ya Marsabit iko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na ada hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo lipa mapema ukiwa na mtandao. Ziwa Paradise limo ndani ya kreta, na msitu unalizunguka pande zote. Hapa ndipo alipoishi Ahmed, ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974. Sanamu yake iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nimepita mbele yake mara kadhaa tangu nikiwa mwanafunzi bila kujua alitoka kwenye ukungu huu.

Mjini Marsabit tulijaza. Hesabu ya mzee ilikuwa lita 10 kwa mtu kwa siku, watu 3, siku 4 mpaka turudi Laisamis kwenye lami: lita 120, yaani jerikeni 6 za lita 20. Humo mlikuwa na maji ya kunywa, kupika, kunawa na ya rejeta. Niliona ni mengi. Tulibeba pia dizeli ya akiba, kwa kuwa mbele ya hapo mafuta ni ya mapipa, na kuna siku hayapo. Mzee aliuliza polisi na madereva kuhusu usalama wa njia kabla hatujaondoka, na aliuliza tena tulipofika Maikona, njiani.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi, maji yalijaa hapa. Sasa imebaki chumvi na udongo uliopasuka, na mbali kidogo mazigazi yanayofanana na maji kiasi kwamba mke wangu alitaka kubishana nayo. Ikinyesha, pale panakuwa tope la kumeza gari, ndiyo sababu tulichagua Februari. Nilimwomba mzee asimame katikati. Nikashuka, nikatembea hatua mia hivi. Gamba la chumvi lilikuwa likivunjika chini ya kiatu kwa sauti kama ya kutafuna. Hakukuwa na sauti nyingine. Nilisimama pale nikalia kidogo, na sioni haya kulisema.

Pancha ilitupata tukirudi kwenye njia, karibu saa saba mchana. Nikashusha tairi ya spea, ikaanguka chini kwa mshindo wa kitu laini. Haikuwa na upepo, na ubavuni ilikuwa na ufa. Gari tulikuwa tumelikodi, mwenyewe alikuwa ameniambia spea ni mpya, nami sikuifungua nikaigusa kwa mkono wangu. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika safari yote, na ukikodi gari la kwenda huku, ishushe spea kabla hujatia saini. Mzee alikuwa na vifaa vya kuziba pancha na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Kazi yenyewe ilichukua saa mbili na nusu, kwa kuwa tundu lilikuwa mahali pabaya na uzi wa kwanza wa kuzibia ulichomoka. Mke wangu alitandika turubai ubavuni mwa gari upande wa kivuli, akatugawia maji kwa kikombe kila baada ya muda, bila kungoja tuombe. Hakunilaumu kwa neno lolote. Siku ile tulimaliza jerikeni moja na nusu, ndipo nikaielewa hesabu ya mzee.

Tukiwa hapo alitokea kijana wa Kigabra na ngamia kama ishirini. Alisalimia, akachuchumaa, hakuomba kitu. Mzee akanikonyeza, nikamjazia kikombe. Akanywa nusu, akapumzika, akamaliza, akakirudisha kwa mikono miwili. Kisha akafungua chombo chake kilichosukwa, kikinukia moshi, akatumiminia maziwa ya ngamia kwenye kikombe kile kile. Yalikuwa yamechachuka, na moshi ule ulibaki kooni mpaka jioni. Tulifika Kalacha jua likizama, tukalala tukisikia majani ya mikoma na kengele za mbao za ngamia waliokuja kunywa.

Ziwa Turkana lilitokea ghafla siku iliyofuata, chini ya mawe meusi ya volkano, kijani kabisa. Ni ziwa la kudumu la jangwani kubwa kuliko yote duniani, na halina mto wa kutoka. Maji yake mengi huletwa na Omo kutoka Ethiopia na huondoka kwa jua tu, ndiyo maana yana magadi. Baada ya njia yote ile kuyatafuta maji, tulifika kwenye maji yasiyo na mwisho ambayo hayafai kwa chai yetu. Loiyangalani ipo kwa sababu ya chemchemi zake, na miti imekusanyika hapo tu. Upepo wa usiku nusura ung'oe hema. Tulifunga kamba upya kwa mawe, mimi upande mmoja, yeye upande wa pili, tukiitana gizani.

Tulirudi kwa njia ya Laisamis, ile iliyotengenezwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo, na tukaipita mitambo yenyewe: 365, imesimama juu ya nchi isiyo na kitu. Karibu na Laisamis njia inakata mto mkavu. Wanawake wanne wa Kirendile walikuwa wamechimba shimo kwenye mchanga, mmoja akiwa ndani mpaka mabegani, akichota kwa kopo dogo na kupitisha juu. Kopo la kwanza lilikuwa tope. Alilimwaga pembeni, akangoja.

"Simama," mke wangu akasema.

Alishuka akaenda kuwasalimia, "Hamjambo akina mama," akapiga magoti ukingoni mwa shimo, akaanza kupokea kopo na kulimimina kwenye mtungi pamoja nao. Mimi na mzee tukashusha jerikeni mbili zilizobaki.