Inasema lakini haionekani

Jana mtoto kanijia na laptopu. "Baba, video ya shangazi inasema lakini haionekani." Nikajua hata kabla sijaitazama: shangazi yake ana iPhone, simu imerekodi kwa HEVC, njia ya kubana video, na laptopu yetu ya Windows haina kodeki yake, yaani kifungulio cha picha. Weka VLC, programu ya kuchezea video, kwisha kazi. Ila maneno yale yalinirudisha Njiro, Arusha, sebuleni kwa Baba Mkubwa, Desemba 2006.

Video nilikuwa nimeirekodi Kibosho, Bibi akitubariki wajukuu. Nikaihariri Moshi, nikaibana kwa Xvid, njia nyingine ya kubana video, iingie kwenye sidii moja ya MB 700, nikaiangalia mara nne. Safi kabisa. Kwangu! Niliona jina la faili linaishia na AVI, nikadhani itacheza popote. Kumbe AVI ni kapu tu, na Windows XP ya kompyuta ya Baba Mkubwa haikuja na cha kufungulia Xvid iliyokuwa ndani yake.

Basi, watu kama kumi na tano, soda zimefunguliwa, Baba Mkubwa kavaa miwani. Nikabonyeza. Giza. Halafu jogoo akawika. Mbuzi akalia. Kata ikagonga ukingo wa mtungi wa mbege. Nikajifanya narekebisha nyaya, nyaya zipi hata sijui, mara sauti ya Bibi ikatoka kwenye vile vispika viwili vyenye vumbi. Alikuwa anatutaja kwa Kichaga, mmoja mmoja, kuanzia wakubwa.

"Nizime, Baba?"

"Acha." Akavua miwani, akaishika mkononi.

Kila aliyetajwa aliinamisha kichwa kidogo, kama vile Bibi anamwona. Kioo cheusi, sote tumekikodolea macho. Kisha Bibi akataja jina la kaka yetu aliyefariki angali mdogo, jina ambalo kwetu halikuwa linatajwa. Shangazi akaweka soda yake sakafuni, taratibu, chupa isitoe mlio. Mimi niliyeitazama ile video mara nne sikuwahi kulisikia. Nilikuwa nakagua rangi, na kama vipande vimeungana vizuri.

Januari nikairudia kwa MPEG-1, njia ya zamani ya kubana video, VCD ya kawaida, picha ya pikseli 352 kwa 288. Sidii moja inabeba dakika 80 hivi, kwa hiyo zikawa mbili. Safari hii nilijaribu kwanza kwenye kompyuta ya jirani, nikaenda na kwa rafiki yangu Majengo mwenye deki ya zamani, ndipo nikachoma nakala za ukoo mzima. Hakuna aliyelalamika. Ilicheza kila nyumba.

Pasaka tukaiangalia tena Njiro, na picha yake. Watu wakachekana mavazi, wakahesabu nani kanenepa. Bibi alipofikia lile jina, mtu alikuwa anauliza yule mwenye shati la kijani ni mtoto wa nani.