Jinsi stashahada yangu ya Tengeru ilivyopata nafasi Uganda

Kwetu ni Mutukula, upande wa Uganda, lakini shule nimesoma Tanzania: kidato cha nne Bukoba, kisha Chuo cha Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha. Nilipoomba kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Kiswahili changu kilinibeba, maana Wakongo wengi kule ndicho wanachozungumza. Kazi yenyewe niliijua: vikundi vya kuweka na kukopa, madarasa ya kisomo kwa watu wazima, mikutano ya hadhara isiyoanza mpaka jua lielekee magharibi.

Cheti ndicho kilichogoma. Shirika moja lilinipokea kama mhamasishaji wa kujitolea, likaiweka stashahada yangu pembeni. "Dada, hapa sioni Senior Six," aliniambia yule wa rasilimali watu, kwa upole kabisa, akimaanisha kidato cha sita.

Swali lake lilikuwa na msingi. Uganda, njia iliyozoeleka ya kuingia stashahada ni kumaliza Senior Six ukiwa na angalau somo moja la ufaulu mkuu (principal pass). Tanzania kuna ngazi nyingine: unatoka kidato cha nne, unasoma NTA 4 (NTA ni ngazi za tuzo za elimu ya ufundi), unapanda 5, zote mbili zikiwa astashahada, na 6 ndiyo stashahada. Mtu asiyeijua ngazi hiyo anaona kama umeruka ukuta. Kumbe Uganda nayo inamruhusu mwenye astashahada inayohusiana na fani aingie stashahada. Kwa hiyo sikuhitaji kuomba huruma ya mtu. Nilihitaji karatasi zionyeshe kwamba nilipita mlango ambao hata wao wanao.

Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Vya elimu ya juu ni kazi ya NCHE, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya 2001. Nilianza UNEB na cheti changu cha kidato cha nne cha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Hapo hakuna la kusimulia: fomu, ada, nakala zenye muhuri wa wakili, kusubiri.

Kwa upande wa NCHE nilijiandaa zaidi. Badala ya kutegemea cheti peke yake, nilimwomba rafiki aliyebaki Arusha anifuatilie chuoni matokeo ya kila muhula, maelezo ya kila somo pamoja na saa zake, na barua ya mafunzo kwa vitendo. Hiyo barua ya vitendo usiidharau. Fani yetu hujifunzwa kijijini kuliko darasani, na bila barua hiyo majuma yako ya kulala kwa mwenyekiti wa kitongoji hayahesabiki popote. Niliambatanisha pia vyeti vya NTA 4 na 5, ambavyo wenzangu wengi huviacha nyumbani wakidhani cha juu kimevimeza vya chini, pamoja na uthibitisho kwamba chuo kinatambuliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi la Tanzania.

Kuna waliokuwa wakiniambia, "Si tuko Afrika Mashariki moja?" Ni kweli, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ibara ya 11 inazungumzia kutambuana vyeti. Lakini makubaliano ya kutambuana kitaaluma yaliyosainiwa yaliwahusu kina wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Wenzetu hao wana mabaraza na bodi za kuketi mezani kwa niaba yao. Sisi wa maendeleo ya jamii hatuna baraza la kisheria kama la wauguzi, kwa hiyo kila mmoja anabeba bahasha yake mwenyewe. Binafsi naona hilo ndilo pengo kubwa, kuliko cheti cha mtu yeyote.

Barua ya ulinganifu ilipotoka, niliipeleka kwa yule yule wa rasilimali watu. Mkataba uliofuata ulinitaja ofisa, na mshahara ukapanda. Madarasa ya jioni yaliendelea vile vile, na kina mama wangu wa kisomo wakaendelea kuniita mwalimu, kama walivyoniita tangu nilipokuwa wa kujitolea.

Kama bado uko chuoni Tanzania na unafikiria kuvuka, chukua maelezo ya masomo na barua ya vitendo kabla hujarudisha kitambulisho cha chuo. Kuvifuatilia ukiwa Isingiro ni nauli ya mtu mwingine.