Tulipanda Kilimanjaro kwa Ajili ya Matundu ya Vyoo

Ukimwambia mtu kwamba unachangisha fedha za harusi, atakuuliza kadi ni shilingi ngapi. Ukimwambia kwamba unachangisha fedha za vyoo vya shule ya msingi, atacheka kwanza, kisha atauliza serikali iko wapi. Timu yetu, yaani wafanyakazi wa ofisi moja ya Dar es Salaam pamoja na marafiki wachache, ilizoea majibu hayo mapema, tangu tulipoamua kupanda Mlima Kilimanjaro ili kupata fedha za matundu ya vyoo katika shule moja ya Mkoa wa Pwani. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na yeyote aliyewahi kufika katika shule zetu nyingi wakati wa mapumziko, akaona foleni inayozunguka nyuma ya madarasa, anajua jinsi hali ilivyo mbali na mwongozo huo. Msichana aliye katika hedhi, ikiwa choo cha shule hakina mlango wala maji, mara nyingi huona afadhali abaki nyumbani.

Kuupanda mlima huu kwa ajili ya jambo la umma si desturi tuliyoletewa na watalii. Nchi ilipopata uhuru Desemba 1961, Alexander Nyirenda, ofisa wa jeshi, ndiye aliyepandisha bendera na mwenge kileleni. Tangu 2002, Mgodi wa Dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS), umekuwa ukiendesha Kili Challenge kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Sisi tulikuwa kikundi kidogo kisicho na mfadhili mkubwa, na kwa sababu hiyo tulijadiliana sana kuhusu fedha kabla hata ya kuzungumzia viatu.

Makubaliano ya kwanza yalikuwa kwamba kila mpandaji ajilipie gharama zake zote. Kwa Mtanzania, kiingilio cha hifadhi ni sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni, lakini bado kuna waongozaji, wagumu (ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa mlimani), chakula, mahema na mavazi ya baridi, na jumla yake si haba. Binafsi sioni namna ya kumtazama usoni mama muuza samaki aliyetuma mchango wake kwa simu, ikiwa shilingi moja ya mchango huo imeninunulia soksi za sufu. Fedha za safari zilikaa kwenye akaunti moja, na za vyoo kwenye nyingine iliyokuwa na watia saini watatu, mmoja wao akiwa mjumbe wa kamati ya shule.

Makubaliano ya pili yalizua ubishi zaidi. Mchangiaji mmoja, mtu mwenye nia njema kabisa, alitaka kutoa fedha kwa kila mita tutakayopanda, na nyongeza nono kwa kila atakayefika Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tulimshukuru na kumwomba atoe ahadi isiyofungwa na kilele. Ugonjwa wa mwinuko huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula, dalili ambazo mtu anaweza kuzificha kwa urahisi. Ukimwambia kwamba akigeuka tundu la choo litapungua, ataficha mpaka aanze kuyumba na kuchanganyikiwa, na hapo dawa iliyobaki ni kumshusha haraka.

Tulichagua njia ya Machame, ambayo wapandaji wengi huikamilisha kwa siku 6 au 7. Inapendwa kwa sababu inakupandisha hadi Lava Tower, kwenye takriban mita 4,600, kisha inakushusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uzoee hewa nyepesi taratibu. Asubuhi inayofuata kuna Ukuta wa Barranco, ambapo unapanda kwa mikono na miguu huku wagumu wakikupita na mizigo kichwani wakiomba njia kwa upole. Ukuta huo unatisha zaidi kwenye picha kuliko ukiwa juu yake.

Ningependa wanaopanga safari kama hii wawatazame wagumu kwa makini. Langoni mizigo hupimwa kwenye mizani, na kikomo cha mgumu mmoja ni kilo 20. Hata hivyo, mizani haisemi kama amekula wala kama hema lake halivuji, na hayo tuliyauliza kabla ya kuchagua kampuni ya kutupeleka. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, haina maji. Kijito cha mwisho kipo kwenye bonde la Karanga, na kila tone la chai tulilokunywa Barafu lilibebwa kutoka huko. Nilimwona kijana mmoja akifika jioni na ndoo iliyofungwa karatasi ya nailoni mdomoni, akaishusha taratibu kwa magoti, akachungulia kama imemwagika, kisha akacheka alipoona imejaa. Kuchangia vyoo vya watoto huku ukimpunja bakshishi mtu wa namna hiyo ni sadaka yenye walakini. Siku ya mwisho tulitangaza bakshishi ya kila mmoja mbele ya wote, kisha tukamkabidhi kila mtu mkononi.

Barafu ndipo makubaliano ya pili yalipopata kazi. Dada mmoja wa timu yetu, ambaye ndiye aliyekuwa amechangisha kuliko sisi sote, alikuwa kimya tangu mchana. Mwongozaji msaidizi akamsogelea.

“Dada, leo umekula nini?”

“Chai tu, kaka.”

Alimbana kidoleni kipimo cha oksijeni, akamwambia atembee akigusanisha kisigino na vidole vya mguu mwingine, naye akayumba kwenye hatua ya tatu. “Mkoba wako nampa mgumu. Wewe vaa koti tushuke kabla giza halijaingia.” Dada alilia kidogo, akavaa koti. Kufikia usiku alikuwa kambi ya chini anakula mtori. Hakuna mchango wowote uliopungua, na aliyetaka kulipa kwa mita alitoa ahadi yake yote.

Waliobaki tuliondoka karibu na usiku wa manane. Kuhusu usiku ule sina mengi: ni baridi, changarawe inayorudi nyuma kila unapokanyaga, na visigino vya aliye mbele yako mpaka Stella Point, kwenye ukingo wa kreta.

Ugumu uliofuata ulikuwa wa kukusanya ahadi. Kuna watu huahidi kwa bashasha mbele ya kundi la WhatsApp kisha simu zao hazipatikani, na mweka hazina wetu alifanya kazi nzito kuliko ya mpandaji yeyote. Kijijini, wazazi walileta mchanga, mawe na nguvu kazi ya kuchimba shimo, jambo lililopunguza gharama kuliko tulivyotarajia. Sasa kuta zimefika kwenye lenta. Fedha zilizopo zinatosha mabati na milango, na chumba cha wasichana kitakuwa na bomba lake ndani. Tenki la kuvunia maji ya mvua bado halijapatiwa fedha, na kamati ya shule imeomba linunuliwe kabla ya masika.