Maji Tusiyoyaona: Kusoma Uhandisi wa Mazingira Dodoma

Anayekuja Dodoma kusoma sayansi na uhandisi wa mazingira akidhani atafundishwa kupanda miti hukuta muda wake mwingi ukienda kwenye maji, na hasa maji yasiyoonekana kwa macho. Mji huu hauna mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua yake ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu, kisha jua na upepo vinaendelea na kazi yao. Kwa miongo mingi tegemeo kuu la wakazi limekuwa visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambavyo maji yake yamehifadhiwa ndani ya mwamba wa itale uliomomonyoka na kupasuka.

Makutupora ndiyo iliyonifanya niipende fani hii. Kina cha maji ya visima vyake kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu ndefu kiasi hicho ni adimu katika nchi za tropiki. Watafiti walioichambua walionyesha, katika makala iliyochapishwa mwaka 2013, kwamba hifadhi hiyo haijazwi kidogo kidogo kila msimu: miaka mingi hupita pasipo nyongeza yoyote ya maana, kisha inakuja mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na kina cha maji kinapanda kwa kiwango ambacho misimu mingi ya kawaida ikiunganishwa haikukifikia. Kwa hiyo mhandisi anayechukua wastani wa mvua ya mwaka, akaugawa kwa idadi ya wakazi na kuamua ukubwa wa pampu, anapanga kwa kutumia mwaka ambao karibu haupo. Wastani ni sahihi kihesabu, lakini hauwezi kunywewa katika miaka ya katikati.

Jambo jingine ni njia ambayo maji hayo hupitia. Sehemu kubwa yake huzama kupitia mchanga wa makorongo, yale yanayojaa kwa saa chache mvua inaponyesha na kukauka muda mfupi baadaye. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kikamilifu, ujenzi umeongezeka mno, na mchanga wa korongo ni mali kwa kila fundi. Kwa maoni yangu, mahali pa kuchimba mchanga ni suala la maji kabla halijawa suala la ujenzi, na ni vigumu kuliona hivyo kwa aliyesoma uhandisi bila sayansi, au sayansi bila uhandisi. (Wanaochukia hesabu wafikirie mara mbili kabla ya kujaza fomu, huku hakuna pa kujificha.)

Masomo ya sheria na tathmini ya athari kwa mazingira, yanayotegemea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ni ya lazima na ni makavu. Maabara ina raha zaidi, ingawa inadai subira: kipimo cha oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu wa majitaka huchukua siku tano, sampuli ikiwa katika nyuzi joto 20, na hakuna njia ya kukiharakisha.

Kinachonishughulisha zaidi sasa ni vyoo vya shimo na makaro katika mitaa isiyofikiwa na mabomba ya majitaka, ambako baadhi ya nyumba zina visima vyake. Majitaka yanayozama ardhini hugeuka kuwa chanzo cha nitreti, kemikali ya nitrojeni inayoyeyuka katika maji, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Wazazi wengi huchemsha maji kwa uangalifu, na wanafanya vyema kwa sababu vijidudu hufa. Lakini nitreti haiondoki kwa moto, bali maji yanapopungua sufuriani, kiasi chake katika kila lita huongezeka. Tiba yake iko kwenye umbali kati ya choo na kisima, mwelekeo wa maji chini ya ardhi na aina ya udongo, mambo ambayo hupimwa kabla shimo halijachimbwa.