Mizani, mjomba na gunia bichi: siku yangu moja katika msimu wa korosho

Saa 11 alfajiri naamshwa na madumu. Jirani yangu anauza maji kwa baiskeli, na madumu matupu yakigongana barabarani huhitaji saa ya kukuamsha. Uwanda wa Makonde, huku Mtwara, ni mchanga. Mvua ikinyesha inazama, na maji yenyewe yako chini mabondeni. Bomba tunalo, ila lina siku zake. Ndiyo maana nyumba nyingi za mji wetu huu, kati ya Newala na Tandahimba, zina kisima cha kukinga maji ya bati. Mwezi wa kumi ukifika ndoo ikishushwa inagonga sakafu. Nanunua dumu mbili, nachemsha chai ya rangi, tunakula na muhogo wa jana, binti anakwenda shule.

Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama chetu cha msingi cha wakulima. Miezi mingine watu hawanikumbuki sana. Msimu ukianza, yaani Oktoba hadi Desemba hivi, nasalimiwa hata na wale tulionuniana tangu Ramadhani.

Saa 1 asubuhi nafungua ghala na foleni iko tayari. Magunia yamekuja kwa bodaboda, kwa baiskeli, kwa kichwa. Wengine hawajalala vizuri, kwa sababu korosho haichumwi mtini: inaiva, inaanguka yenyewe na bibo lake, lile tunda la juu yake, wewe unaokota. Ukichelewa kuokota, ng'ombe na watoto wa watu wanakusaidia. Mji mzima wakati huu unanuka mabibo, utamu uliochacha kidogo, na nzi wanajua.

Kabla ya kupima nawasha mizani, naangalia stika ya Wakala wa Vipimo, naweka jiwe la kilo 20 mbele ya macho ya watu. Hilo siliruki kamwe. Mkulima wa huku amepunjwa miaka mingi, anaamini anachokiona. Gunia tupu nalo nalipima, maana ugomvi wa kilo moja ya gunia nimeshauamua hadi nimechoka.

Halafu ubora. Mashine ya unyevu ipo, ila wazee wanataka kwanza uonyeshe kwa mkono. Unachota konzi moja, unaitikisa karibu na sikio: iliyokauka inalia kavu, kachakacha, mbichi inatoa mlio mzito. Unabonyeza ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, hiyo irudi juani. Tunachambua pia mawe, vipande vya bibo, korosho changa na zilizooza. Safi inakwenda daraja la kwanza, iliyopungua daraja la pili, na tofauti ya bei kati yake ndiyo ada ya shule ya mtoto.

Saa 4 anafika mjomba.

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze kidogo. Sisi Wamakonde kwa asili tunahesabu ukoo kwa mama, na mjomba si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye neno kwenye mahari, kwenye msiba, kwenye jando na unyago wa watoto wa dada zake. Sasa mzee huyo anashusha magunia matatu, nami napiga goti dogo: shikamoo mjomba. Marahaba, mpwa wangu, umeamkaje, mtoto hajambo? Yote mazuri. Nachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia la tatu, natoa korosho, natikisa. Kimya. Nabonyeza. Ukucha unazama.

Foleni nzima imenyamaza. Wanajua mimi na yeye ni nani, na wanasubiri kuona karani ana mizani ngapi.

"Mjomba, hili gunia bado."

"Bado nini? Limekaa juani siku mbili."

"Jua la mawingu, mjomba. Turubai lile pale nyuma, lianike. Kesho kutwa linapita."

Akaniangalia kwa muda. Akasema mama yangu angekuwepo asingeamini. Nikasema mama ndiye aliyenifundisha kuanika. Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, mjomba naye akashindwa kujizuia. Magunia mawili yakapimwa, nikamwandikia stakabadhi, la tatu likamwagwa kwenye turubai. Baada ya hapo watu wawili waliondoa magunia yao kwenye foleni bila kuambiwa.

Nakuwa mkali kwa sababu korosho za wote zinachanganyika kwenye lori moja na ghala kuu moja. Gunia bichi likivunda, mzigo unashushwa daraja, na anayeumia ni bibi aliyeanika zake siku nne. Tena nikipitisha la mjomba, mji huu kila mtu ni mjomba wa mtu.

Saa 7 mchana nakula kwa mama ntilie, ugali wa muhogo na kisamvu. Nyuma ya banda lake kuna akina mama wanabangua korosho kidogo za kuuza stendi. Karai lenye matundu liko motoni, moshi mzito, na mafuta ya ganda yanaunguza ngozi vibaya. Vidole vyao vyeusi, wanavipaka majivu kila baada ya muda. Wanapiga ganda mara moja tu, na kokwa inatoka nzima. Nimejaribu kazi hiyo, vipande tupu.

Hapo ndipo unaposikia habari za kangomba. Ni wale wanaonunua kwa bakuli mapema, pesa mkononi, kwa bei ya kukaba. Serikali imepiga marufuku, lakini mtoto akiugua mwezi wa nane, mkulima ana nini zaidi ya mikorosho yenye maua? Watu wa mjini wanawalaumu sana wanaouza kangomba. Mimi nawalaumu kidogo tu.

Saa 9 lori linapakiwa, kazi ya jasho na makaratasi, haina hadithi.

Saa 11 jioni matokeo ya mnada yanaingia kwenye simu, na mji unasimama. Zamani zabuni za wanunuzi zilikuwa za kwenye sanduku; sasa zinapitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ya juu na ya chini zinasomwa, wakulima wanakubali au wanakataa. Kukataa si mchezo wa kuigiza: mwaka 2018 huku kusini waligoma kweli, hadi Rais Magufuli akatuma jeshi kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Leo wamekubali, wakinung'unika. Kisha yakaanza maswali ya makato: ushuru wa halmashauri, chama kikuu, ghala, usafiri. Nimejibu moja moja mpaka sauti ikakauka. Muuza magodoro aliyekuja na msimu ameshaongeza sauti ya spika yake, ingawa pesa hazijaingia benki.

Saa 2 usiku niko barazani kwa mjomba. Hajanuna. Tumeitana kupanga unyago wa binti yangu likizo ya Desemba, maana shule haturuhusu iguswe. Shangazi wanagombea nani awe somo wake, yaani mwalimu wake wa unyago, nani atapika, ngoma ipigwe usiku mmoja au miwili. Wanawake ndio wenye unyago, lakini bila neno la mjomba hakuna kinachoanza, na kwa kuwa mimi ni karani, daftari limewekwa mapajani mwangu kama kawaida. Khanga, doti kumi. Mchele. Mafuta. Wa kutunza watatunza siku ya kumtoa mwali.

Mjomba akakohoa, akatangaza mbuzi wawili.

Nikamwuliza, mbuzi hao ni wa sasa au wa malipo yakiingia?

"Mmoja yupo zizini, mwandike," akasema. "Wa pili bado mbichi. Mwanike kwanza."