Perpetua na mzee wake
Mnaosali Katoliki haya majina mnayajua, kwenye ile Sala ya Ekaristi ya kwanza padre akifika kwa watakatifu anataja Felisita, Perpetua, Agata, Lusia... mi miaka yote nilikuwa nayapita tu, mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ndo nikasoma habari za Perpetua na nikalia kabisa.

Huyu dada alikuwa Kartago, Tunisia ya leo, mwaka 203. Ana kama miaka 22, katoka familia inayojiweza, amesoma, mtoto wake bado ananyonya, na alikuwa mkatekumeni tu, yaani anajiandaa kubatizwa, akakamatwa kwa ajili ya Ukristo, ubatizo wenyewe kaupata akiwa tayari chini ya ulinzi. Alichoandika gerezani kipo mpaka leo. Anaeleza giza, joto, na vile alivyokuwa anamuwaza mwanae anayelegea kwa njaa, halafu mashemasi wawili wakawahonga askari wapate sehemu yenye afadhali, baadaye akaruhusiwa kukaa na mtoto na anasema gereza likageuka kama ikulu.

Wengi wanasimulia ya uwanjani alikouawa, yule ng'ombe mkali aliyemrusha, na yule kijana mwenye upanga mkono unamtetemeka mpaka Perpetua mwenyewe akauelekeza shingoni kwake. Sawa. Ila mi naona mtihani wake mkubwa ulikuwa baba yake. Mzee hakuwa Mkristo, na alimpenda huyu binti kuliko kaka zake, anakuja gerezani analia, anambusu mikono, anajitupa miguuni pake, anamwambia zionee huruma mvi zangu. Siku ya kesi kaja na mjukuu kabisa. Hilarianus aliyekuwa anakaimu ugavana akamwambia Perpetua toa tu sadaka kwa ajili ya wafalme wa Roma, akakataa, akasema mi ni Mkristo, mzee akazidi kumshawishi, akachapwa fimbo pale pale na Perpetua anaandika aliumia kama kachapwa yeye.

Baada ya hukumu akaomba mtoto aletwe anyonye, mzee akagoma. Na toka siku hiyo mtoto hakutaka tena ziwa, wala kifua hakikumuuma, akajua ni Mungu. Aliyewahi kumwachisha mtoto ghafla anajua hilo ni jambo gani!

Felisita, aliyefungwa pamoja naye, yeye alikuwa mtumwa, mimba ya miezi minane, na sheria ilikataza kumuua mjamzito, akawa na huzuni kwamba wenzake watamtangulia. Wakasali wote pamoja, uchungu ukaanza hapo hapo, akajifungulia gerezani mtoto wa kike, dada mmoja Mkristo akamchukua akamlea kama wake.