Sacramento hadi Reno, dhoruba ikija nyuma yetu

Utabiri wa kaskazini mwa California majira ya baridi haubadiliki sana: mvua bondeni, theluji milimani. Mgeni akiusikia hudhani zinazungumziwa hali mbili, kila moja na kwao. Kumbe wingu ni lilelile. Barabara ya I-80 inatoka Sacramento, karibu kabisa na usawa wa bahari, na ndani ya kilomita zisizofika 150 imeshapanda mpaka mita 2,200 hivi pale kilele cha Donner. Ukiendesha siku ya dhoruba unalipita hilo wingu lote, kuanzia tumboni mpaka kichwani.

Sisi tulikuwa tunakwenda Reno, ng'ambo ya milima ya Sierra Nevada, kwenye ubatizo wa mtoto wa marafiki wa nyumbani. Mimi na shemeji, mume wa dada yangu, mtu wa Moshi ambaye siku za kazi huipita njia hiyo na lori. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Dhoruba ilitangazwa kuingia Jumamosi jioni, na kwenye kundi letu la WhatsApp watu walikubaliana kuondoka saa tatu asubuhi, wakishakunywa chai. Shemeji akanigongea saa kumi na moja alfajiri.

"Wamesema jioni," nikamwambia.

"Jioni ni ya bondeni, shemeji. Juu inafika kabla. Vaa viatu twende."

Nilimwona akitazama simu kabla hatujawasha gari, nikafikiri anaangalia theluji itakuwa na kina gani, maana hiyo ndiyo habari inayopendwa na televisheni. Hapana. Alikuwa anatafuta namba moja tu: mwinuko ambao mvua inageuka theluji. Dhoruba hizi hutoka Pasifiki zikiwa zimebeba unyevu mwingi, na mara nyingi hutanguliwa na hewa ya uvuguvugu, kwa hiyo mwanzoni mvua hunyesha mpaka juu kabisa. Baadaye hewa baridi inaingia kwa nyuma na ule mstari unashuka, pengine mita elfu moja nzima kwa saa chache. Asubuhi ile ulikuwa kwenye mita 1,800. Usiku ungefika 900. Tangu siku hiyo mimi habari za kina cha theluji nawaachia wenye ski.

Sacramento ilikuwa imeshaanza kulowa. Mvua ya huku ni ya majira ya baridi. Kiangazi inaweza kupita miezi bila tone, na anayetoka Afrika Mashariki huchukua muda kuzoea kwamba jua kali na ukame vinakwenda pamoja na Julai. Bondeni hofu ya watu ni mito. Mvua ya uvuguvugu ikinyeshea theluji iliyokwisha lala milimani, maji yote mawili hushuka kwa pamoja, na ndivyo ilivyokuwa kwenye mafuriko makubwa ya Januari 1997.

Roseville, Auburn, tukapita haraka. Colfax tukanunua kahawa. Malori yalikuwa yameanza kujipanga pembeni, madereva wakingoja kusikia habari za juu. Baada ya hapo misonobari inakuwa mirefu na masikio yanaziba.

Mabadiliko yenyewe niliyaona kwenye kioo, tulipoipita Emigrant Gap. Kwanza matone yalianza kuanguka kwa uzito, yakitoa mlio kama mtu anarusha mchele. Halafu yakawa hayatiririki tena. Waipa zikiyasukuma, yanabaki ukingoni yakiwa ujiuji wa kijivu. Dakika chache mbele ujiuji ule ukawa mweupe na kelele ikakatika. Kipimajoto cha gari kilikuwa kinasoma nyuzi 1.

Karibu na Kingvale ubao wa taa ukaamuru kufunga minyororo kwenye matairi. Sheria ya California ina ngazi tatu: ya kwanza inawaachia wenye matairi ya theluji, ya pili inawaachia magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne yakiwa na matairi hayo, ya tatu haimwachii mtu, ingawa kwa kawaida barabara hufungwa kabla haijafika huko. Tulikuta ya pili, na gari letu linavuta kwa mbele tu. Pembeni walikuwapo wafungaji, wenye namba zao kifuani, wanaofunga kwa malipo. Shemeji hakutaka hata kuuliza bei.

Akatandika boksi la katoni chini, akapiga magoti. Mnyororo unaulaza juu ya tairi, unaingiza mkono nyuma kushika ndoano ambayo huioni, unaivuta mpaka iingie, kisha unakaza ile ya mbele. Mimi nilishika tochi. Glovu zake zililowa mara moja, akazivua, vidole vikawa vyekundu. Theluji ya huku ni nzito, imejaa maji. Wenyeji wanaiita saruji ya Sierra, na akiikwangua kwenye tairi niliona kwa nini. "Nyanya ninazobeba Agosti zinakunywa hii," akasema bila kuinua kichwa. Si utani. Karibu theluthi moja ya maji ya California hukaa kwanza juu ya milima hii kama theluji, yakishuka taratibu kuanzia masika. Tulikwenda mita mia hivi, akashuka kukaza tena. Asiyekaza mara ya pili hupigwa na mnyororo kwenye bodi.

Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 40 kwa saa, nyuma ya magari ya kusukuma theluji. Mtu anapata nafasi ya kufikiria. Hapa ndipo msafara wa wahamiaji, akina Donner, ulipokwama mwaka 1846, karibu nusu yao wakafa. Januari 1952 treni yenye watu zaidi ya 200 ilizama kwenye theluji mlima huuhuu, wakakaa ndani siku tatu. Nilitaka kuyazungumza, shemeji akasema tungoje Truckee.

Truckee tukafungua minyororo, tukateremka na mto. Theluji ikapungua, ikawa manyunyu, na tulipofika Verdi lami ilikuwa kavu, upepo ukirusha vumbi. Mawingu huacha mzigo wote upande wa Pasifiki. Mtu wa Kilimanjaro halishangai hilo: Marangu ni migomba, ukizunguka upande wa Amboseli ni vumbi.

Saa tano tulikuwa Reno, tumeshapewa chapati. Saa saba simu zikaanza kulia. Wale wa saa tatu walisimamishwa Colfax. Magari yalikuwa yamegongana karibu na kilele, njia imefungwa pande zote mbili, na polisi wanageuza watu. Mmoja wa wenzetu hao waliokwama ndiye alikuwa baba wa ubatizo. Mwenye nyumba akamtazama shemeji kwa muda, akamuuliza kama ana suti kwenye gari.